Ramani Nyuma ya Kadi

Jumapili, baada ya adhuhuri. Mawingu yamekaa juu ya Kasubi tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Joto limebana. Nimefungua dirisha moja tu, lile la uani.

Daftari langu, nimekukimbia siku kumi na mbili. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nalo moja, na kila nikishika kalamu mkono unakwenda kuchonga penseli badala yake. Nina penseli saba zilizochongwa vizuri kabisa.

Leo nitaliandika.

Opio amechukuliwa. Hilo wanalijua wote wanaopenda mpira wa kikapu katika mji huu, ingawa hakuna anayelisema kwa sauti. Opio ndiye namba 11 wetu, mkono wa kushoto, mtu wa kona. Ukimpa mpira pale kona ya kushoto, hatua moja kutoka kwenye mstari, unaweza kugeuka urudi kukaba bila kungoja kuona, maana utaingia. Misimu mitatu timu yetu imecheza hivyo, na tulikuwa tumezoea kama mtu alivyozoea mguu wake.

Mimi sichezi. Nilijaribu, wakacheka, nikawa katibu. Naandika pointi, natunza jezi, na siku ya mazoezi napanda baiskeli kilima hadi kilima kuwaambia wachezaji saa na mahali, kwa sababu simu hatuna. Kazi yangu ya mchana ni kuchora ramani za viwanja na mifereji ofisini. Nachora vizuri. Nasema hivyo si kwa majivuno, au tuseme ni kwa majivuno, na ndipo balaa lilipoanzia.

Jana tulicheza mara ya kwanza bila yeye.

Tulifungwa, lakini kufungwa sicho kilichoniuma. Musoke ndiye nahodha wetu, na kocha pia, tangu kocha alipovuka mpaka kurudi kwao Kenya. Dakika za mwanzo tu alipata mpira, akamhadaa mtu wake, akautupa kona ya kushoto bila kuangalia. Haukukuta mtu. Ulitoka nje, ukagonga ukuta, ukarudi polepole mpaka miguuni pangu mezani. Mahali pa Opio sasa yuko Damiano, na Damiano husimama hatua mbili ndani zaidi, kwa kuwa hawezi kufunga kutoka mbali. Musoke anajua. Wote wanajua. Na bado mara nne, wachezaji watatu tofauti walitupa mpira kwa mtu asiyekuwepo.

Baadaye ikawa vibaya zaidi. Damiano alisimama peke yake chini ya kikapu, mikono juu, hakuna aliyemkaba, na Musoke alimwona. Nilimwona akimwona. Akampa mtu mwingine.

Hawampi mpira kwa sababu wanaamini ndiye aliyemuuza Opio. Ushahidi wao ni kwamba amekaa benchi miaka miwili akiitamani nafasi ile, na kwamba aliwahi kwenda kula kwa dada yake Opio huko Kisugu. Mechi ilipokwisha alikuta viatu vyake vya kwendea nyumbani vimejazwa maji. Mmoja wao akasema, akiangalia ukuta, "Kikulacho ki nguoni mwako." Damiano akamwaga maji, akavaa viatu hivyohivyo, akaikunja jezi yake na kunikabidhi. "Asante, Katibu," akaniambia.

Niliipokea, nikaiweka juu ya nyingine.

Kikulacho kilikuwa kimekaa mezani na kitabu cha pointi.

Sasa niandike ilivyokuwa. Nyumba zetu hazina namba, na mitaa mingi haina jina. Mwaka juzi niliugua malaria wiki nzima, aliyetumwa kwa miguu kuwaita wachezaji badala yangu akapotea Makindye mpaka jua likatua, na tukacheza mechi na watu wanne. Nilipopona nikajiambia haitatokea tena. Kila mchezaji ana kadi yenye picha, jina na namba ya jezi. Nikageuza kadi zote kumi na mbili, na nyuma ya kila moja nikachora ramani ndogo kwa wino mweusi: barabara, msikiti au kanisa, bomba la maji, mti unaojulikana, na mshale mpaka mlangoni. Mchezaji akihama, nachora upya siku hiyohiyo. Walinitania sana. Opio alisema nikifa nitamchorea malaika njia ya kuja kunichukua.

Opio alikuwa akikaa Naguru. Kaka yake alikuwa askari, na siku moja kaka huyo hakurudi kutoka kambini. Opio akaogopa naye atafuatwa, akahamia kwa dada yake, Dada Atim, huko Kisugu. Alituambia watu wawili tu, Musoke na mimi. Musoke ili ajue. Mimi ili nimwite mazoezini.

Nilichora ramani yake mpya jioni ileile. Msikiti, bomba, mfenesi uliokatwa nusu, nyumba ya tatu yenye bati jekundu. Mlango wa mbele wa nyumba ile hawautumii, wamesukumia kabati nyuma yake, basi nikapinda mshale vizuri kuzunguka ukuta mpaka mlango wa nyuma. Nakumbuka nilivyoushangilia ule mshale.

Siku mbili baadaye alikuja mtu ofisini kwangu. Suti ya mikono mifupi, rangi ya samawati, viatu vya visigino virefu. Alisema anatoka kwenye mambo ya michezo, kwamba kuna safari ya nje inapangwa na vijana wetu wanaangaliwa. Alinisalimu kwa Kinubi. Mimi ni Mnubi, na miaka hii, jeshi na usalama vikiwa vimejaa Wanubi, watu wa aina yake humsalimu Mnubi vizuri, wakati majirani zangu hunisalimu kwa uangalifu. Sikumwuliza kitambulisho. Niliogopa, ndiyo, lakini kusema kweli nilifurahi zaidi kuliko nilivyoogopa. Akafungua faili la kadi za wachezaji, akageuza ya kwanza, akaangalia ramani kwa muda mrefu.

"Katibu, hii kazi muzuri sana," akasema. "Mutu na hii hawezi potea."

Akaondoka na faili, akakaa nalo siku mbili, akalirudisha limefungwa kamba vilevile. Jioni nilimsimulia Mama sifa nilizopewa. Alikuwa akisuka sinia lake la ukili, hakuinua macho. Aliniuliza mtu huyo jina lake nani, nikagundua silijui.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, walikwenda Kisugu. Opio alikuwa anapiga pasi shati. Dada Atim alinieleza mwenyewe, siku ya pili yake, nilipokwenda kumpa pole. Mgeni yeyote akiingia mtaa ule lazima aulize njia, na wanawake bombani lazima wamhoji kwanza ndipo wamwelekeze. Wale hawakumwuliza mtu. Walipita bomba, wakapita mfenesi, wakazunguka nyumba moja kwa moja. Walimtia kwenye buti ya gari. Kwa urefu wake ilibidi wamkunje mara mbili.

"Walikuja mlango wa nyuma, Katibu," Dada Atim aliniambia. "Nani aliwaambia ule wa mbele hatutumii?"

Nilikuwa na kikombe cha chai yake mkononi, chai isiyo na sukari kama chai zote siku hizi. Nikasema dunia imeharibika. Nikasema hata jirani siku hizi si wa kuaminiwa. Nikanywa chai yote.

Hilo ndilo neno langu, daftari. Siku kumi na mbili nimelibeba.

Nilijidanganya kwamba labda si ramani. Watu wana masikio, watu wana njia zao. Kwa siku tisa niliishi juu ya neno hilo "labda". Alhamisi yule bwana akarudi. Suti ileile, harufu ya manukato. Hakuketi.

"Faili nataka tena. Nasikia vijana yako nalala huku na huku. Andika kila mutu sasa nalala wapi, na chora kama ile ya kwanza. Juma tatu saa ine nakuja."

Ni kweli wanalala huku na huku. Tangu Opio aondoke kila mmoja amehama, kwa shemeji, kwa rafiki, mmoja analala kwenye ghala la duka huko Kikuubo katikati ya magunia. Hawaambiani wao kwa wao. Wananiambia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayewaita mazoezini. Kila mmoja amenivuta pembeni na kuninong'oneza: bomba, mti, rangi ya mlango.

Kisha akapekua faili, akachomoa kadi moja, akaniwekea mezani. Namba 11.

"Hii toa. Hii hapana kazi tena."

Saa hiyohiyo Dada Atim alikuwa kwenye lango la gereza na sufuria ya chakula, akiambiwa arudi kesho. Amekwenda kila siku. Anabadilisha chakula, siku moja maharage, siku moja samaki akipata, kwa sababu Opio hapendi kula kitu kimoja mfululizo. Na mimi nimeshaambiwa kadi haina kazi tena.

Usiku wa Alhamisi sikulala, na ule wa Ijumaa pia sikulala. Jana nilikwenda kwenye mechi nikaandika pointi kwa mwandiko wangu mzuri.

Leo baada ya alfajiri nilimwambia Mama aende Bombo, shangazi anaumwa. Akaniambia, "Shangazi yako nilimwona juzi, mzima kuliko mimi." Lakini akaanza kufunga vitu vyake. Jezi alikuwa amekwisha kuzifua na kuzianua, kumi na mbili zote. Sabuni inatafutwa kuliko dawa, na bado ameifua namba 11 pamoja na nyingine, ingawa haijavaliwa. Nilitaka kumwambia asiifue. Nikashindwa kujua nitamwambia kwa sababu gani.

Kwenye basi aliuliza akae siku ngapi. Nikasema nitakwenda kumchukua. Akanishika mkono wa shati.

"Usinitumie mtu kuja kunichukua," akasema. "Uje wewe."

Nikamwitikia. Mama yangu si mtu wa kudanganywa, alinikubalia tu.

Kutoka pale nilikwenda kwa shemeji yake Musoke, anakojificha. Alikuwa ametoka kanisani, bado na tai shingoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilijua nikiketi nitaanza kupunguza maneno. Ramani, yule bwana, mshale wa mlango wa nyuma, kadi aliyoitoa. Aliposikia habari ya kadi aliketi yeye, chini, kwenye ngazi.

"Banange," akasema. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Zote ziko na ramani?"

"Zote."

"Hata yangu?"

"Hata yako."

Akalegeza tai. "Viatu ya Damiano, ni mimi nilitia maji," akasema. "Na wewe ulikuwa nangalia tu."

"Nilikuwa naangalia."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia ndani, akavua tai, akatoka na viatu vyake vya mpira.

"Kira mutu atahama leo, saa hii," akasema. "Nitaanza na Damiano. Na wewe hatukwambii wapi. Lete baiskeri."

Nilimpa baiskeli. Miaka minne hakuna mtu mwingine aliyeipanda baiskeli ile kwa kazi ya timu. Nilimtazama akiteremka kilima, magoti nje nje, hajui kwamba breki ya nyuma haishiki mpaka ubane mara mbili. Nikamwita kumwambia, hakugeuka. Nikarudi Kasubi kwa miguu.

Sasa sijui wachezaji wangu wanalala wapi. Ndiyo mara ya kwanza, na linaniuma kuliko nilivyotegemea. Lakini pia nimepumua kidogo. Nisichokijua sitakichora.

Nimefikiria kukimbia. Nisiseme uongo humu, nimefikiria sana, hata basi la kwenda Busia, mpakani, nimelihesabia saa. Mimi si shujaa. Lakini kesho saa nne yule bwana asiponikuta, saa tano ataanza kuwatafuta kazini kwao, mmoja mmoja, na picha zao anazo kichwani. Akinikuta na faili lililojaa, atakwenda anakoelekezwa. Ananiamini. Kazi yangu ni nzuri, mtu hawezi kupotea.

Kwa hiyo tangu saa saba nimekaa kwenye meza ya kuchorea. Kadi kumi na moja mpya, wino mweusi, kalamu nyembamba. Timu zote huingia kambini kabla ya mechi kubwa, na Jumamosi tunacheza na timu ya jeshi, basi hakuna atakayeshangaa. Nimeandika kila moja: Yuko kambini, nyumbani kwa katibu. Na chini yake ramani. Kasubi, barabara ya makaburi ya Kabaka, duka la mkaa, kushoto, nyumba ya mwisho yenye mlango wa buluu. Nimechora mara kumi na moja njia ya kuja kwangu. Ya kwanza mstari mmoja ulikwenda upande, nikairudia. Nimejishangaa kwamba hata leo sikuvumilia mstari uliopinda.

Njia ya mwongo ni fupi. Watakuja, watakuta chumba kimoja, kitanda cha Mama, changu, na mimi. Lakini sihitaji njia ndefu. Musoke anahitaji leo na kesho tu, mpaka walio na pa kuvukia wavuke.

Nimemaliza. Wino unakauka. Wewe, daftari, nitakuviringisha ndani ya ramani ya ziwa, maana tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniomba ramani ya maji matupu.

Imebaki kadi ya zamani ya namba 11. Nimeibandua picha kwa wembe, taratibu, haikuchanika. Opio ameangalia pembeni kidogo, kama mtu aliyeitwa jina wakati anapigwa picha. Sidhani kama Dada Atim ana nyingine. Ile ramani ya nyuma nimeichoma kwenye jiko la Mama.

Saa zinakaribia kumi. Nikitoka sasa nitafika Kisugu kabla jua halijatua, kwa miguu. Musoke nimemwambia, lakini Musoke si dada yake. Lazima nimwambie aache kupeleka sufuria, na nimwambie ni nani aliyewaonyesha njia, na niketi hapo asikie mpaka mwisho. Akinifukuza nitatoka. Akipiga kelele na majirani wakaja, wataniona.

Je, mdomo utafunguka?

Mlango wa mbele wana kabati nyuma yake, itamchukua muda kulisukuma. Nitabisha huohuo na kungoja. Wa nyuma nilikwisha kuutumia.